Ndoto ya Ng'ombe wa Pembe Moja

Nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, kule Chemba, kazi za siku ziligawanywa kwa ndoto. Sifanyi mzaha. Asubuhi, kabla uji haujanywewa, watoto tulikaa mkekani mbele yake, tukamwamkia, kisha akauliza mmoja mmoja: "Haya, wewe umeota nini?" Ukishasema, yeye hutangulia na neno moja, "Kheri," ndipo anaiagua. Na kuagua kwenyewe ndiko huko: aliyeota maji, leo ndiye mchota maji. Aliyeota moto, akatafute kuni. Aliyeota anaruka angani alikabidhiwa fagio, na mpaka leo sijui kuruka na kufagia vinahusiana vipi. Aliyedai hakuota kitu alihesabiwa kuwa mvivu hata usingizini, naye alipelekwa zizini kuzoa samadi.

Binamu zangu, watoto wa mjomba, walikuwa wameshaerevuka. Waliota mambo mepesi mepesi, kama vile kula karanga. Mmoja alijaribu kusema ameota amelala. Bibi akamwambia, "Kheri. Basi leo utakesha mchana," akampeleka shambani kuamia ndege wasimalize mtama. Alirudi jioni sauti imemkauka kwa kupiga mayowe, na hakuota amelala tena.

Mimi peke yangu sikuweza kudanganya, kwa sababu ndoto yangu ilikuwa imeshasikiwa na boma zima. Nilikuwa napiga kelele usingizini.

Niseme kwanza nilifikaje pale. Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani Dodoma mjini, analala kwenye chumba cha uani kwa watu ambao hawakutaka mtoto. Baba alikuwa ameoa kwingine. Huko nilishapelekwa, nikarudishwa hata kabla viatu nilivyokwenda navyo havijachakaa. Kwa hiyo nilipopelekwa kwa bibi, nikiwa mtoto wa darasa la kwanza, nilielewa jambo moja vizuri kuliko hesabu za shule: hapa pakinishinda, hakuna kwingine.

Na pale kwenyewe nilikuwa mtoto wa binti, si wa boma. Wenyewe ni mjomba, mtu mpole asiye na maneno mengi, mke wake, na watoto wao. Nilikuwa mwoga kama kunguru. Niliogopa mbwa, niliogopa upepo wa kipupwe unaovuma mchana kutwa, na zaidi ya vyote niliogopa ng'ombe. Hebu fikiria, mtoto anayeogopa ng'ombe Chemba. Binamu zangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Ndoto ilikuwa moja tu, haibadiliki. Niko uwanda usio na mti wala kichaka. Kutoka zizini anatoka ng'ombe mwekundu wa pembe moja, namfahamu, ni wa mjomba, ile pembe nyingine aliivunja kwa kupigana. Anakuja mbio. Nami nakimbia, miguu mizito, ardhi haisogei. Nasikia pumzi zake mgongoni. Ananikaribia, ananikaribia, ndipo napiga ukelele na kuamka, na ndama waliolala nasi ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo, nao wanaamka, na kichanga cha mke wa mjomba kinaanza kulia.

Simlaumu mke wa mjomba. Nilimlaumu miaka mingi, sasa nimezaa mwenyewe, simlaumu. Mwanamke ana mtoto mchanga, ana mama mkwe asiyekosa neno, ana ng'ombe wa kukamua, halafu kila alfajiri mtoto wa wifi yake anamwamshia nyumba kwa mayowe. Angekuwa mtu mwingine, angeninasa kibao.

Sasa, kulikuwa na sheria ya ndoto pale nyumbani, na bibi ndiye aliyeitunga: ndoto hukaa pale ilipokalishwa na mdomo wa kwanza. Alisema ndoto ni kama ndama aliyezaliwa usiku, humfuata yule aliyemwona kwanza. Ndiyo maana hatukuruhusiwa kumweleza mtu mwingine kabla yake. Mjomba mwenyewe, mtu mzima, aliwahi kumwagulia mwanawe ndoto kwa utani, akamwambia utakuwa kinyozi, na bibi akakataa katakata kuitengua. "Imeshakaa," alisema. Na kweli yule binamu leo ana saluni, ingawa nadhani ni kwa sababu tulimwita kinyozi mpaka akaona hana budi.

Asubuhi moja ya baridi tulikaa mkekani kama kawaida. Zamu yangu ikafika. Nikaeleza ndoto yangu ileile. Bibi alikuwa ametia kinywani kiporo cha ugali, anatafuna polepole kwa meno yake machache. Kabla hajameza na kusema kheri, mke wa mjomba akatangulia, akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Ndoto hii mbona iko wazi, Mama," alisema. "Ng'ombe ni wa boma hili. Ng'ombe wa boma wakimfukuza mtu, maana yake huyo mtu si wa boma. Arudishwe kwa mama yake."

Hakuna aliyeinua kikombe. Mdomo wa kwanza ulikuwa umeshasema, na sote tulijua sheria. Nami nikaanza kufikiria ile barabara ya vumbi ya kurudi mjini, na mama yangu akinifungulia mlango wa uani kwa wasiwasi, akinong'ona nisipige kelele wenye nyumba wasisikie.

Bibi alitafuna, akameza. Akaomba chai. Akainywa kwa kuvuta kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yake, tena nusu ya kikombe sukari. Kisha akanigeukia.

"Huyo ng'ombe alikufikia?"

"Hapana, Bibi."

"Alikupiga pembe?"

"Hapana. Niliamka."

"Siku zote huamka kabla?"

"Ndiyo, Bibi."

Akaweka kikombe chini. "Basi ndoto haijaisha," alimwambia mkwewe. "Umeagua ndoto mbichi, mwanangu. Huwezi kuagua kitu kisichokwisha. Labda huyo ng'ombe anamfukuza. Labda anamletea salamu. Labda anakwenda zake kunywa maji, mtoto kamsimamia njiani. Tutajuaje?"

"Sasa itaisha lini, Mama?"

"Kwani mimi ndiye ninayeiota?"

Mke wa mjomba alivuta pumzi. "Na mpaka iishe?"

"Mpaka iishe atakaa. Hatuwezi kumrudisha mtu na ndoto nusu." Kisha, kana kwamba hilo halitoshi, akaongeza, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu kaota ng'ombe. Mpe kibuyu, mfundishe kukamua. Aanze na huyohuyo wa pembe moja."

Nililia. Nasema kweli, nililia kuliko siku yoyote, kwani niliona heri kurudishwa mjini kuliko kumkaribia yule mnyama. Bibi hakunibembeleza. Alinifuta kamasi kwa pindo la khanga yake akaniambia, "Nenda kamuulize anataka nini."

Aliyenifundisha ni mke wa mjomba. Nani mwingine? Vidole vya bibi vilikuwa vimeshapinda. Kwa hiyo yule aliyetaka niondoke ndiye aliyepiga magoti nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu, akanionyesha kwamba ndama huachiwa anyonye kidogo kwanza ili maziwa yashuke, kisha anafungwa pembeni mama yake amwone. "Usivute, bana," aliniambia. "Wewe unavuta kamba ya kisima?" Alikuwa na maneno makali na mikono myororo, na mimi nimerithi vyote viwili, au walau hayo maneno makali. Ng'ombe akageuza shingo akanitazama. Nikafunga macho. Sikumuuliza anataka nini, nilisahau hata jina langu. Lakini maziwa yalishuka, yakapiga ndani ya kibuyu, na tumbo lake lilikuwa na joto asubuhi ile ya baridi, nami nikaegemeza paji la uso pale.

Kila asubuhi baada ya hapo, ikifika zamu yangu mkekani, bibi hakuuliza nimeota nini. Aliuliza, "Imekwisha?"

"Bado, Bibi."

"Basi kaa."

Akageukia mwingine. Maneno hayo mawili, basi kaa, niliyasubiri kuliko uji. Watoto wengine waliambiwa nenda kachote, nenda katafute, nenda kafagie. Mimi niliambiwa kaa, ingawa baadaye nilikwenda kukamua kama mtumishi mwingine yeyote.

Haukupita muda mrefu nikagundua jambo. Nilikuwa zizini alfajiri, nimewahi kidogo. Yule ng'ombe alikuwa amesimama kando ya ukuta wa tembe, anajikuna kile kigutu cha pembe kwenye udongo, krr, krr, krr, huku akipumua kwa nguvu. Nikazunguka ndani kutazama. Mahali alipokuwa anajikunia, upande wa pili wa ukuta, ndipo palipokuwa na kichwa changu. Kumbe zile pumzi za mgongoni zilikuwa pumzi za kweli. Nilikuwa nalala nazo shavuni.

Niliwaza jambo lile kwa akili yangu ya utoto, na bado naliwaza kwa akili yangu ya ukubwani. Binamu wawili walilala kando yangu kwenye ngozi ileile, sauti ileile ikiwaingia masikioni. Wao waliota karanga. Ng'ombe alikuwa anajikuna tu, maskini wa Mungu, hakumfukuza mtu. Kufukuzwa nilikuja nako mwenyewe, kutoka kwa baba, kutoka kwenye ule mlango wa uani. Mtu akilala, hofu yake hailali. Huchukua chochote kilicho karibu, mkwaruzo wa ukutani, harufu ya ndama, ikatunga nacho hadithi yake.

Nilimwuliza bibi, miaka mingi baadaye, kama alijua. Akasema alijua. Nikamuuliza kwa nini basi hakunihamishia upande mwingine. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowanisha. "Ukutani ndiko kuna joto," alisema. Basi. Huyo ndiye bibi yangu. Wakati mwingine nadhani alikuwa na hekima, wakati mwingine nadhani alitaka tu mkamuaji.

Ndoto iliisha nikiwa ninakaribia kumaliza shule ya msingi. Uwanda ulikuwa uleule. Ng'ombe alitoka, akaja mbio, nami nikakimbia, lakini mara hii nilichoka. Nilichoka tu, kama mtu achokavyo, nikasimama. Akanifikia. Akanipita. Alikuwa anakwenda kwenye hori kunywa maji, na alipofika akageuza shingo, kama alivyozoea kugeuza nikimkamua, kuona kama nakuja. Nikaamka polepole, bila ukelele, mkono wangu uko ukutani.

Asubuhi nikakaa mkekani. Bibi akauliza, "Imekwisha?"

Nilitazama chini, kwenye kikombe cha uji. Mke wa mjomba alikuwa mlangoni, palepale alipokuwa amesimama siku ile, ila mtoto wa mgongoni sasa anakimbia uani.

"Bado, Bibi," nikasema.

"Basi kaa."

Hakuna aliyeuliza mbona siku hizi sipigi kelele. Wala mke wa mjomba hakuuliza. Alisema tu nimalize uji haraka, ng'ombe wanangoja. Niliendelea kujibu bado mpaka nilipoolewa.

Leo mimi ni mchuuzi wa ng'ombe. Nanunua mnadani huko Chemba na kwingineko, nauza mjini, na kwenye mnada mara nyingi wanawake wenye fimbo tuko wachache tena tunajuana. Wanaume wasionifahamu hunijaribu. Wananiletea ng'ombe aliyenyweshwa maji ajae tumbo, wakidhani mama wa watu hatajua. Namwekea paji la uso ubavuni, nasikiliza, namwambia mwenyewe, "Kaka yangu, hili ni pipa." Watu wanacheka, naye anapunguza bei. Wananiuliza nani alinifundisha kutoogopa. Nawaambia nilifukuzwa na ng'ombe miaka saba. Wanadhani ni utani wa Wanyamwezi na Wagogo.

Lakini sitaki kusema uongo kwamba nimepona kabisa. Mume wangu anasema nalala na mguu mmoja nje ya shuka, kama mtu anayengoja kuambiwa ainuke aondoke. Nikialikwa kwa watu, nakaa karibu na mlango. Hasira zangu, ambazo wanangu wanazijua, zote zimejengwa hapo: mtu akinitazama vibaya, mimi nishaanza kugombana kabla hajafungua kinywa. Na mgeni akija kwangu, awe nani, siwezi kumuuliza ataondoka lini. Ulimi hugoma. Mume wangu ameshazoea, ndugu zake nao wameshajua, na nyumba yetu ya Miyuji, Dodoma mjini, haijawahi kuwa na kitanda kitupu.

Ndiyo maana lile tembe lilipoanguka kwa mvua, na mjomba akawa ameshatangulia mbele ya haki, na mama yangu pia, sikungoja kikao cha ukoo. Nilikwenda na gari la kukodi nikamchukua bibi. Mke wa mjomba alibaki kwa mwanawe kinyozi. Siku ya kuondoka alimfungia mama mkwe wake khanga kichwani, akairudia kuifunga, akairudia tena, kana kwamba haikai.

Mwanzo bibi alikuwa mwenyewe, anagombana na wanangu juu ya sukari. Kisha akili ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Akaanza kuniita "mama mwenye nyumba". Kila asubuhi tulimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, vitu vyake amevifunga kwenye khanga, fundo juu ya mapaja. Anasema ameota anaitwa kwao. Anasema amekaa sana kwa watu, ameona haya, na mgeni mwenye haya hangoji mchana. Akakataa kula. "Msinipikie," aliwaambia wanangu. "Mimi ni wa kupita." Tulimwambia hapa ni kwako, Bibi, hapa ni kwa mjukuu wako. Anaitikia kwa adabu, ile adabu ya mtu asiyeamini, na fundo halifunguliwi. Akakonda mpaka bangili ikamtoka mkononi yenyewe. Mimi, niliyezoea kushindana na madume, niliingia jikoni nikalia kwenye taulo la vyombo, kwa sababu niliitambua ile sura. Ni sura yangu mimi, siku ile mkekani.

Mke wa mjomba alikuja kumwona, na karanga na mtindi kutoka Chemba. Sasa naye ni bibi wa watu, anatembea kwa kushika kuta. Asubuhi yake ya kwanza tuliingia pamoja chumbani. Bibi alikuwa ameketi na fundo lake.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. "Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeota naondoka," akasema. "Nimebeba mzigo wangu, naelekea kwetu."

Sikuwahi hata kuvuta pumzi. Mke wa mjomba alikuwa ameshatangulia.

"Kheri," alisema upesi, kama mtu anayedaka kikombe kisianguke. Akanitazama. Mdomo wa kwanza ulikuwa wake tena, na mara hii aliutumia kunifungulia mlango.

Nikapiga magoti mbele ya bibi. "Ulifika, Bibi?"

Akafikiri. Macho yake yenye ukungu yalizunguka chumba. "Sikufika," alisema. "Niliamka."

"Basi ndoto haijaisha."

Mke wa mjomba alishika ukingo wa kitanda. Halafu nikaona vidole vile vilivyopinda vikitafuta ncha ya fundo, vikalegeza, vikalegeza, mpaka khanga ikafunguka na vitu vyake vikamwagika mapajani, kitana, tasbihi, na kile kikombe chake cha bati cha Chemba.

"Hatuwezi kumrudisha mtu na ndoto nusu," alisema. Alisema kwa sauti yake ya zamani, ile ya mkekani, akinieleza mimi sheria, kana kwamba siijui.

"Hatuwezi, Bibi."

"Basi nileteeni uji. Na sukari, si ile mnayonyunyiza kama dawa."

Alikula. Mke wa mjomba alikaa wiki nzima, na alipoondoka nilimshukuru mpaka akaniambia ninyamaze, namtia haya. Sikujua namna ya kumwambia kwamba namshukuru na kwa ile asubuhi nyingine, ya baridi, kwani asingesema yeye nirudishwe, bibi asingesema nikae.

Sasa kila siku, kabla sijakwenda mnadani, napita chumbani kwake. Kuna siku ananijua, kuna siku hanijui, lakini swali analijua. Namuuliza, "Imekwisha?" Anajibu, "Bado." Jana nilimuuliza tena. Alitazama chini kwenye kikombe cha uji, akakizungusha kidogo mkononi.

"Bado," akasema.

Nami nikamwambia, "Basi kaa."